IST ya Mwalimu: balbu 16 za LED, na giza lilelile

Gari liliingia uani Jumatatu asubuhi, Toyota IST ya 2004, na mwenyewe akaanza kulalamika kabla sijamaliza shikamoo. "Marahaba. Fundi, nimechoka kumulikwa. Jana usiku kutoka Chalinze mpaka Mlandizi, kila lori linalokuja linaniwashia fulu. Nimeweka dimu, wanawasha. Nikawasha fulu na mimi kwa hasira, ndiyo kabisa. Mmoja kapiga honi mpaka kanipita."

Mtaani tunamwita Mwalimu, ingawa kastaafu. Ana shamba upande wa Morogoro, huenda Ijumaa na kurudi Jumapili jioni, kwa hiyo kila wiki lazima aendeshe gizani, tena barabara ambayo kwa sehemu kubwa ni njia moja kwenda na moja kurudi, na malori hayaishi. Macho nayo si yale ya ujana. Nayataja kwa sababu kisa chote kinaanzia hapo: wiki sita kabla ya kuja kwangu alikuwa analalamika kwamba taa za IST zimekuwa kama vibatari. Mpwa wake, kijana mwenye mapenzi na magari, akamnunulia seti nzima ya LED, wakampa fundi mmoja kazi, na mchana mmoja ukatosha kubadilisha balbu zote: mbili za mbele, mbili za paking, nne za indiketa, mbili ndogo za indiketa za ubavuni, mbili za nyuma zinazobeba paking na breki pamoja, mbili za rivasi, moja ya namba na moja ya ndani. Kumi na sita.

Usiku wa kwanza, anasema, alifurahi kama mtoto. Barabara mbele ya boneti ilikuwa nyeupe pe. Mvua ya kwanza iliponyesha ndipo akagundua kwamba haoni mbali. Halafu mengine yakaanza kujitokeza moja moja: indiketa ya kushoto inapiga haraka haraka, redio inakoroma akiwasha taa, akikanyaga breki dashibodi inawaka, na taa ya ndani haizimiki kabisa, inabaki na mwanga hafifu kama jicho la paka.

Kijana wangu wa kazi alitaka kuanza kufungua. Nikamzuia. Gari likija na malalamiko sita, ukichomoa balbu ya kwanza umeshapoteza ushahidi. Nilimwomba Mwalimu aliache mpaka giza liingie.

Ukutani

Mbele ya gereji kuna ukuta wa godauni usio na madirisha. Baada ya magharibi tuliweka gari mita 5 kutoka ukutani, sehemu iliyo sawa, tukaujaza upepo kwenye matairi kama inavyotakiwa, tukamkalisha Mwalimu kwenye usukani maana uzito wa dereva unahesabika. Nikapima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, nikauhamishia ukutani kwa utepe, na utepe wa pili nikauweka sentimita 5 chini yake. Dimu ya taa nzima inatakiwa kuwa na mkato: chini mwanga, juu giza, na mpaka wake uonekane wazi karibu na utepe wa chini. Kwa magari yetu yanayotoka Japani, ambako wanaendesha kushoto kama sisi, mpaka huo hupanda kidogo upande wa kushoto ili kumulika ukingo wa barabara na mtembea kwa miguu. (Wenzetu wa Bujumbura wanaoendesha magari hayo hayo upande wa kulia wa barabara wana tatizo jingine: mpandio ule unamwelekea anayekuja.)

Ukutani mwa godauni hapakuwa na mkato. Palikuwa na wingu. Taa ya kulia ilitupa doa kubwa ambalo nusu yake ilikuwa juu ya utepe wa juu, na ya kushoto ilikuwa na doa mbili, moja juu ya nyingine, kama nane iliyolala vibaya. Mwalimu akashuka, akaenda kusimama mbele ya ukuta akiitazama taa yake mwenyewe, akaweka kiganja usoni. "Kumbe ndicho wanachokiona wao," akasema.

Balbu ya H4 inayokuja na gari hili ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja, moja ya dimu ya wati 55 na moja ya fulu ya wati 60. Uzi wa dimu una kikombe kidogo cha chuma chini yake. Kikombe hicho kinazuia mwanga usigonge nusu ya chini ya sahani ya taa (kile kioo cha ndani kinachorusha mwanga mbele), kwa sababu mwanga unaogonga chini ndio unaorushwa juu, machoni mwa watu. Na sahani yenyewe imechongwa kwa hesabu ya uzi ule: wembamba wake, urefu wake wa milimita 5 hivi, na mahali ulipo. Ukihamisha chanzo cha mwanga milimita moja au mbili tu, picha yote ukutani inavurugika.

Balbu ya LED iliyokuwa mle ndani haina uzi. Ina bamba la chuma lenye chipu kila upande, na bamba lina unene. Kwa hiyo chanzo kimoja kimekuwa viwili vyenye pengo katikati. Hiyo ni kasoro ya maumbile ya kitu chenyewe, hata kikifungwa na malaika. Ya kushoto ilikuwa na kasoro ya kazi pia: balbu ilikuwa imezungushwa, chipu zinatazama juu na chini badala ya kutazama pembeni, kushoto na kulia. Nililegeza pete yake nikaigeuza robo duara. Mkato ukaanza kuonekana, lakini juu yake pakabaki ukungu mweupe. Nilijaribu kushusha taa zote mbili kwa skrubu za kurekebishia, na ukungu ukashuka, ila na mwanga wa mbali ukaondoka kabisa. Hapo ndipo nilipoacha.

Kwa nini mwenyewe alikuwa haoni? Kwa sababu mwanga mwingi ulikuwa unaangukia mita chache mbele ya bampa. Jicho likikutana na eneo jeupe sana karibu, mboni hubana, na kilichoko mita 60 mbele kinazama gizani zaidi kuliko awali. Mvua ikija, mwanga ule uliotawanyika juu unagonga matone na kurudi usoni kwa dereva. Weupe wa samawati wa kelvini 6,000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga) unazidi kumuumiza dereva. Halojeni iko karibu na 3,200, ya manjano, haipendezi kwenye picha lakini macho hayachoki nayo haraka. Mwalimu alikuwa na taa yenye mwanga mwingi na uono mdogo, na kwa mtu mwenye umri wake tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa.

Kwenye boksi la balbu zile paliandikwa wati 200 na lumeni 20,000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga). Nilipima kwa mita ya kubana, inayoushika waya na kusoma umeme unaopita: ampea 1.9 kwa volti 13.6, yaani wati 26 kila moja. Nguvu ikiwa hiyo, lumeni 20,000 haziwezi kutoka popote. Sisemi wati 26 ni chache, LED ya wati 26 inatoa mwanga mwingi kuliko dimu ya halojeni ambayo ni lumeni 1,000 hivi. Nasema boksi lilikuwa linamdanganya mpwa.

Tatizo la kabla ya LED

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipokuwa, na nadhani ndipo yule fundi wa kwanza alipopita bila kutazama. Taa zilififia. Kwa nini? Balbu ya halojeni haifiki kuwa kibatari kwa sababu ya uzee tu. Nilichukua balbu mbili mpya za kawaida, 60/55, nikazichomeka, nikawasha injini, nikapima betrini: volti 13.9. Nikapima kwenye miguu ya balbu yenyewe ikiwa inawaka, nikichomeka ncha za multimita nyuma ya plagi: volti 11.7.

Volti 2.2 zimepotea njiani. Na balbu ya uzi haina huruma kwenye jambo hili. Ukipoteza asilimia 10 ya volti, mwanga unashuka kwa karibu asilimia 30. Mwalimu alikuwa amekula hasara zaidi ya hiyo, na alikuwa ameila kidogo kidogo kwa miaka.

Nikafuata waya. Plagi ya kushoto ilikuwa ya kahawia, plastiki yake imekauka na kuvunjika ukiigusa, mguu mmoja umelegea hata balbu inachezacheza. Waya wa ethi, unaorudisha umeme kwenye bodi, ulikuwa umefungwa kwenye bodi kwa boliti nyuma ya taa, na chini ya kichwa cha boliti palikuwa na kutu ya kijani nene kama ukoko wa wali. Nilipoufungua, jicho la waya lilibaki mkononi mwangu, nyuzi zake tatu tu ndizo zilizokuwa bado zimeshika. Kupitia nyuzi tatu hizo ndipo taa ya IST ilipokuwa inapumulia.

Cha pili kilikuwa kioo cha taa. Siyo kioo, ni plastiki, lakini wote tunaita kioo. Jua la Dar lilikuwa limekigeuza rangi ya chai ya maziwa. Ukiweka balbu yoyote nyuma yake, ya halojeni au ya LED, sehemu ya mwanga inaishia humo na sehemu inatawanyika ovyo. Kwa hiyo wingu la ukutani lilikuwa na wazazi wawili.

Nilimwambia Mwalimu ninachotaka kufanya, na hakufurahi. "Yaani unanirudisha kwenye balbu za zamani? Kijana katoa laki na zaidi kwa taa hizi, mwanangu." Nikamjibu kwamba kumi na nne kati ya kumi na sita nitajaribu kuziokoa, ila hizi mbili za mbele siwezi kuziweka mkono wangu. Akanyamaza, akauliza, "Mbona kuna magari mapya yana LED mbele na hakuna anayelalamika?" Swali zuri. Yale yalitoka kiwandani na taa nzima iliyochongwa kwa ajili ya LED, sahani na vyote. Hata Ujerumani, walio wagumu kwa mambo haya, waliruhusu balbu ya kwanza ya LED ya kuchomeka mahali pa halojeni mwaka 2020, ya kampuni ya Osram, aina ya H7 (saizi nyingine ya balbu ya mbele), na ruhusa yenyewe ni kwa orodha ya magari yaliyopimwa moja moja. Gari lisilo kwenye orodha halimo.

Kazi ya mbele ilichukua siku moja na nusu. Plagi mpya za kauri, ethi mpya iliyofungwa kwenye chuma kilichokwanguliwa mpaka kikang'aa, kisha rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo na kupitisha mkubwa) na waya mnene wa kutoka betrini wenye fyuzi yake karibu na nguzo ya betri, ili swichi ya usukani ibaki na kazi ya kuamuru rilei tu. Vioo vya taa tulivipiga msasa wa maji namba 800, kisha 1,500, kisha 2,000, tukavisugua kwa polishi, na juu tukapulizia kilinda-jua. Wengi huishia kwenye polishi, taa inameta wiki ya kwanza, na baada ya miezi michache chai inarudi. Ngozi ya kiwandani ikishaondolewa na msasa lazima uivishe nyingine.

Nikapima tena kwenye miguu ya balbu: volti 13.2. Usiku ule ukutani palikuwa na mkato unaoweza kuwekea rula.

Redio ilinyamaza yenyewe LED za mbele zilipotoka. Vifaa vidogo vinavyoziendesha hukata umeme kwa kasi kubwa, na zile za bei rahisi hazina kichujio, kelele yake inaingia kwenye FM.

Nyuma na pembeni

Upande wa indiketa ulikuwa na historia inayosomeka. Flasha ya gari, kifaa kinachowasha na kuzima indiketa, hupima umeme unaopita. Upande mmoja wa IST una balbu mbili za wati 21 na moja ndogo ya 5, kama ampea 4. Balbu moja kubwa ikiungua umeme unapungua, flasha inapiga haraka kukuarifu. LED zote tatu za upande mmoja zilikula ampea 0.45, kwa hiyo flasha ikaamini balbu zimekufa. Fundi wa kwanza alilijua hilo, akafunga rezista za omu 6, vipande vinavyokula umeme badala ya balbu, kila pembe ya gari ili kuidanganya. Rezista ya aina hiyo inageuza wati 24 na zaidi kuwa joto kila inapowaka. Inatakiwa kufungwa kwenye chuma tupu. Ya nyuma kushoto ilikuwa imefungwa kwa utepe mweusi kwenye plastiki ya bampa. Ilikuwa imejichimbia shimo lenye umbo lake kamili, mbavu zake zote zimejichora kwenye plastiki iliyoyeyuka, halafu ikaning'inia na kung'oa waya wake. Ndiyo maana kushoto tu kulikuwa kunakimbia. Fikiria gari limeharibika barabarani, hazadi zinawaka saa nzima, na rezista nne za namna hiyo nyuma ya bampa.

Niliziondoa zote nne, nikaweka flasha ya elektroniki isiyopima umeme, inayoingia kwenye soketi ileile chini ya dashibodi. Tukahesabu kwa saa: mipigo 85 kwa dakika, ndani ya ile 60 hadi 120 inayokubalika. Ina hasara moja ambayo nilimweleza Mwalimu mara mbili: sasa balbu moja ikifa, sauti haitabadilika. Aizunguke gari yake.

Breki na dashibodi ilikuwa rahisi. Nilichomoa balbu ya nyuma kulia, nikakanyaga breki, dashibodi ikatulia. Balbu ile ina njia mbili, ya paking na ya breki, na ndani yake njia hizo zilikuwa zimegusana. Umeme wa breki ulikuwa unarudi kinyumenyume kwenye mstari wa paking ambao pia unalisha taa za dashibodi. Tuliinunua jozi nyingine, nyekundu, yenye uzito mkononi, na kabla ya kufunga kioo cha nyuma kijana wangu alisimama mita 20 akanithibitishia kwamba paking na breki zinatofautiana wazi. Nyekundu, siyo nyeupe: LED nyeupe nyuma ya kioo chekundu inatoa waridi, kwa sababu nyekundu ndani ya mwanga wake ni kidogo, na kioo hakiwezi kuzalisha kisichokuwamo. Kwenye breki mimi naipenda LED kwa dhati. Uzi wa kawaida unahitaji karibu sehemu mbili za kumi za sekunde kuwaka sawasawa, LED inawaka papo hapo, na kwa mwendo wa kilometa 100 kwa saa muda huo ni zaidi ya mita 5 za barabara kwa aliye nyuma yako.

Taa ya namba ilikuwa ya buluu. Nikaweka nyeupe, hatukujadiliana.

Ndani

Taa ya ndani ndiyo LED iliyompa Mwalimu faida tupu, na nilikuwa nataka ibaki. Ule mwanga wa jicho la paka unatokana na umeme mdogo mno unaovuja kwenye kifaa kinachofanya taa ifife taratibu ukifunga mlango. Balbu ya uzi haiwezi kuuona, LED inatosheka nao. Nilitia rezista ya omu 1,000 sambamba na balbu. Umeme ule mdogo ukapata njia ya kupita, na jicho likafumba.

Mtu alikuwa amemwambia kwamba ndiko betri inakoliwa. Nilipima kabla ya kugusa chochote, gari limezimwa na milango imefungwa: miliampea 24, pamoja na saa, redio na jicho la paka. Kwa betri yake ya 35Ah hiyo ni karibu miezi miwili mpaka iishe kabisa. Betri haikuwa mgonjwa wa kisa hiki.

Jumapili iliyofuata alipiga simu saa nne usiku akiwa tayari nyumbani. Mvua ilikuwa imemshika Ruvu. "Leo wamenimulika wawili tu," akasema, "na mmoja nadhani mimi ndiye niliyesahau fulu." Nilimuuliza kama anaona mbali. Akasema aliona mbuzi. Sikumuuliza zaidi.

Mpwa alikuja wiki ya pili kuchukua balbu zake mbili za mbele. Nilimpa, nikamwonyesha pia kipande cha bampa chenye shimo la rezista, ambacho nimekitundika juu ya meza ya kazi. Alikipiga picha. Kisha akaniuliza kama zile balbu zinaweza kuingia kwenye pikipiki yake.